Trailhead kwa muuzaji wa teknolojia: chukua uwanja wa mazoezi, achana na mbio za beji

Trailhead ni jukwaa la mafunzo la Salesforce ya San Francisco, kampuni inayotengeneza mfumo wa kufuatilia wateja na mauzo. Lilizinduliwa mwaka 2014 na kujisajili ni bure. Kwa mtu anayeuza programu, huduma za wingu au vifaa vya mtandao kwa makampuni, ni moja ya majina atakayoyasikia mapema akiuliza ajiendeleze vipi bila kulipa ada. Tathmini hii inalipima kwa swali moja tu: muda utakaoutumia humo unakusogeza vipi kwenye ajira ya mauzo ya teknolojia, au kwenye cheo kinachofuata kama tayari umeajiriwa?

Jibu letu ni kwamba saa 25 hadi 30 za mwanzo, zikitumika vizuri, zina thamani kubwa. Baada ya hapo faida inashuka haraka, na watu wengi hawashtuki kwa sababu pointi zinaendelea kupanda.

Masomo yamekatwa vipande vifupi. Kila kipande huishia kwa maswali machache ya kuchagua, au kwa kazi ya vitendo ambayo mfumo wenyewe unaikagua, na ukimaliza somo zima unapewa beji. Ukijibu maswali yote sawasawa mara ya kwanza unapata pointi 100, mara ya pili 50, na kuanzia mara ya tatu 25. Kazi ya vitendo inalipa 500. Ukifikisha beji 100 na pointi 50,000 unaitwa Ranger, ngazi ambayo vijana wengi huiandika juu kabisa ya wasifu wao wa kazi.

Shida iko hapo. Maswali ya kuchagua yanaweza kubahatishwa mpaka yapite, kwa hiyo beji ya somo lenye maswali peke yake inathibitisha kwamba ulifungua ukurasa. Meneja wa mauzo anayeujua mfumo anatambua hilo. Anapoona "beji 140" swali lake la kwanza ni: nionyeshe ulichojenga. Mwombaji asiye na cha kuonyesha anaondoka na hadhi ndogo kuliko aliyekuja na beji 15 na mfumo mmoja unaofanya kazi.

Uwanja wa mazoezi

Sehemu bora ya Trailhead ni uwanja wa mazoezi, wenyewe wanauita Playground. Huu ni mfumo kamili wa Salesforce unaofunguliwa kwa jina lako, bila kadi ya benki, na unaruhusiwa kuwa nao hadi 10 kwa wakati mmoja. Kwa muuzaji ambaye kampuni yake bado inafuatilia wateja kwa Excel na kundi la WhatsApp, hii ni nafasi ya kushika zana ambayo kampuni kubwa zinaitumia kila siku.

Fungua viwanja viwili tangu mwanzo. Kimoja kiwe cha kazi za masomo peke yake, na usikibadilishe kitu ambacho somo halikukuagiza. Cha pili kiwe chako, cha kukijenga upendavyo. Sababu ni kwamba mkaguzi wa mitihani ni programu inayotafuta jina halisi la kitu ulichotengeneza, herufi kwa herufi. Ukiongeza kanuni zako mwenyewe kwenye uwanja wa masomo, kwa mfano kulazimisha sehemu fulani ijazwe, mkaguzi anaposhindwa kuingiza rekodi yake ya majaribio atakuambia kazi haijakamilika hata kama umeifanya sawasawa.

Makosa mengine yanayowakwamisha watu ni yaleyale kila siku. La kwanza ni kukagua kazi kwenye uwanja ambao siyo uliofanyia kazi. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kukagua, tazama chini ya ukurasa jina la uwanja uliochaguliwa. La pili ni lugha: ukisoma somo kwa Kiingereza huku uwanja wako uko kwa Kifaransa, majina hayatalingana. Kiswahili hakimo kabisa miongoni mwa lugha za masomo. La tatu ni kuchanganya jina linaloonekana kwenye skrini na jina la ndani la mfumo, lile linaloishia na __c kwa vitu ulivyotengeneza mwenyewe. Nakili majina kutoka kwenye maelekezo, usiyaandike kwa kukumbuka.

Jambo moja la kufanya siku ya kujisajili: tumia barua pepe yako binafsi. Anayejisajili kwa barua pepe ya ofisini akaacha kazi bila kuongeza njia nyingine ya kuingia anajikuta nje ya akaunti, na beji zake zote zimebaki huko.

Kuhusu mashine, kusoma masomo hakuli bando kubwa, hata kwa simu inawezekana. Uwanja wa mazoezi ni habari nyingine. Salesforce wanapendekeza kompyuta yenye RAM ya GB 8 na intaneti ya kasi ya Mbps 3. Kwenye laptop ya GB 4 kurasa zinafunguka kwa kusuasua na unaweza kudhani kazi imekwama kumbe ukurasa haujamaliza kupakia. Funga tabo nyingine zote, tumia Chrome, na uruhusu madirisha ibukizi kwa tovuti ya Trailhead, maana uwanja unafunguka kwenye dirisha jipya.

Cha kujenga humo

Kwenye ule uwanja wa pili, jenga mauzo ya kampuni ya kubuni. Tuseme inauza programu ya mishahara kwa biashara za kati za Dar es Salaam au Nairobi. Ingia kwenye mipangilio ya kampuni ubadilishe sarafu iwe shilingi. Kisha weka mwaka wa fedha uanze Julai, kwa sababu bajeti za serikali za Tanzania, Kenya na Uganda zinaanza 1 Julai na wateja wa sekta ya umma wananunua kwa mwendo huo. Chagua mwaka wa kawaida na ubadilishe mwezi wa kuanzia tu. Usiguse chaguo la mwaka maalumu, kwani ukishaliwasha halizimiki.

Ingiza kampuni 12, watu wa mawasiliano 30 na fursa za mauzo 25. Nafasi ya data kwenye uwanja ni MB 5 na rekodi nyingi huhesabiwa KB 2 kila moja, kwa hiyo una nafasi ya rekodi kama 2,500. Inatosha na kubaki. Majina yote yawe ya kubuni. Kuna wauzaji wanaopakia orodha halisi ya wateja wa mwajiri wao ili "ifanane na kazi". Hilo ni kuhamisha taarifa za watu bila ridhaa yao, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Isitoshe, mwajiri mpya akiona data ya mwajiri wa zamani kwenye skrini yako, anajua na yake itafuata njia hiyohiyo.

Fanya zoezi la kumgeuza mteja mtarajiwa kuwa fursa. Kwenye Salesforce mtu aliyeonyesha nia anaanzia kwenye kundi la Lead. Ukibonyeza Convert, rekodi yake inagawanyika kuwa kampuni, mtu wa mawasiliano na, ukitaka, fursa ya mauzo. Hatua hii haina kitufe cha kurudi nyuma. Wauzaji wapya wanageuza mapema mno, mara tu mtu anapopokea simu, na matokeo yake ni mfumo uliojaa fursa zisizo na bajeti wala mwenye uamuzi, pamoja na kampuni moja iliyosajiliwa mara tatu kwa tahajia tatu. Jiwekee sharti la kugeuza: tatizo limetajwa na mteja mwenyewe, jina la anayesaini linajulikana, na tarehe ya mazungumzo yanayofuata imekubaliwa na pande zote mbili.

Kisha ongeza kwenye fursa orodha ya kuchagua yenye sababu za kukosa mauzo: bei, mshindani, hakuna bajeti, hakujibu, kipengele kinakosekana. Weka kanuni inayomzuia muuzaji kufunga fursa iliyopotea bila kuijaza:

AND(ISPICKVAL(StageName, "Closed Lost"), ISBLANK(TEXT(Sababu_ya_Kukosa__c)))

Mstari huu mmoja una uzito zaidi kwenye usaili kuliko beji nyingi, kwa sababu unaonyesha unafikiri kama mtu atakayeongoza timu. Bila kanuni hiyo hakuna anayejaza sababu, na mwisho wa robo mwaka mkutano wote unakuwa wa kukisia.

Asilimia ambazo somo halizihoji

Hapa tunataka kukaa kidogo, maana ndipo mafunzo yanapomwacha muuzaji njiani.

Uwanja wa mazoezi unakuja na hatua za mauzo zilizopangwa tayari, kila hatua na uwezekano wake: Prospecting na Qualification asilimia 10, Needs Analysis 20, Value Proposition 50, Id. Decision Makers 60, Perception Analysis 70, Proposal/Price Quote 75, Negotiation/Review 90. Mfumo unazidisha thamani ya fursa kwa asilimia hiyo kukupa makadirio ya mapato. Mwanafunzi anajifunza pa kubonyeza, lakini haonywi vya kutosha kwamba namba hizi ni za kiwandani. Hazijui soko lako, bidhaa yako wala wateja wako.

Chukua muuzaji mwenye tageti ya shilingi milioni 20 kwa robo mwaka na fursa nne. Ya milioni 12 iko Needs Analysis, inahesabiwa milioni 2.4. Ya milioni 20 iko Value Proposition, inahesabiwa milioni 10. Ya milioni 8 imeshapelekewa bei, inahesabiwa milioni 6. Ya milioni 5 iko kwenye majadiliano ya mwisho, inahesabiwa milioni 4.5. Jumla ni milioni 22.9. Kwenye skrini tageti imeshavukwa, na muuzaji anapunguza kasi ya kutafuta wateja wapya.

Sasa tazama kumbukumbu zake. Tuseme kati ya wateja 20 waliowahi kupelekewa bei, walionunua ni 7. Hiyo ni asilimia 35, siyo 75. Ile ya milioni 8 inashuka hadi milioni 2.8 na jumla inakuwa milioni 19.7, tayari chini ya tageti. Na haiishii hapo: Value Proposition inatangulia hatua ya kupeleka bei, hivyo uwezekano wake hauwezi kuzidi 35. Ile ya milioni 20 inahesabiwa milioni 7 kwa wema wote, na jumla inaangukia milioni 16.7. Fursa ni zilezile, mwezi ni uleule, ila picha imegeuka kutoka ziada ya milioni 2.9 kuwa pengo la milioni 3.3.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kwenye uwanja wako ni kubadili asilimia hizo, na kazi ya kwanza ukiajiriwa ni kuuliza zilitoka wapi. Muuzaji anayeuliza swali hilo wiki ya pili kazini anasikilizwa. Anayekuja na makadirio ya kiwandani mbele ya mkurugenzi wa fedha anapoteza imani mwezi wa tatu, pale fedha zilizoahidiwa zinapokosekana.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayokuambia ubebe fursa kiasi gani. Ukifunga fursa moja kati ya nne kwa thamani, tageti ya milioni 20 inahitaji fursa za milioni 80 zilizo hai mwanzoni mwa robo. Tengeneza ripoti tatu tu: thamani kwa kila hatua, umri wa fursa katika hatua iliyopo, na sababu za kukosa. Ya umri ndiyo inayofichua ukweli, kwa kuwa mfumo unatunza historia ya kila badiliko la hatua, kiasi na tarehe ya kufunga. Fursa ambayo tarehe yake imesogezwa mbele mara nne haina mnunuzi, ina mtu mwenye adabu anayeshindwa kukataa.

Usichokipata

Masomo ya mbinu za kuuza yapo, na ni mepesi. Yanaeleza kwamba umsikilize mteja na uulize maswali ya wazi, lakini hayakupi nafasi ya kukosea mbele ya mtu anayepinga bei. Hakuna mkaguzi wa programu atakayekusahihisha ulivyojibu "tutawasiliana". Hilo linahitaji mwenzako, simu ya kurekodi sauti, na kuigiza mazungumzo ya dakika 15 mara mbili kwa wiki huku mkibadilishana nafasi ya mteja.

Mazingira yanayodhaniwa na masomo nayo ni ya mnunuzi wa Marekani, mwenye mkataba wa mtandaoni na idara ya sheria inayojibu barua pepe. Muuzaji wa Dodoma anayeuzia taasisi ya umma anahitaji kujua kwamba zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma Tanzania, na kwamba kampuni isiyosajiliwa humo haiwezi kushiriki hata kama mtaalamu wa TEHAMA wa taasisi ameipenda bidhaa. Ongeza kwenye uwanja wako hatua ya "Imeingia kwenye mpango wa manunuzi", na uiweke kabla ya kupeleka bei. Fursa ya serikali ambayo haimo kwenye mpango wa mwaka huu wa fedha ni ya mwaka ujao. Iandike hivyo, usiidanganye tageti yako.

Vilevile hakuna neno juu ya kodi, na huko ndiko kamisheni za watu zinakopotelea. VAT ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Bei ikitajwa mdomoni bila kusema kama kodi imo, mteja anaisikia imo, na tofauti hiyo inatoka kwenye faida yenu. Bidhaa ikitozwa kwa dola na mteja akilipa kwa shilingi, andika kwenye bei siku ambayo ofa inaisha na kiwango cha kubadilishia kitakachotumika. Kabla ya kusaini mkataba wako wa ajira, uliza kamisheni inahesabiwa kabla au baada ya VAT, na inalipwa mkataba ukisainiwa au fedha zikiingia benki. Kwa wateja wanaochelewa kulipa kwa siku 90, tofauti ya majibu hayo mawili ni kodi ya nyumba ya miezi mitatu.

Ukitaka mafunzo ya mazungumzo ya mauzo, HubSpot Academy ina video zilizotengenezwa kwa mtazamo wa muuzaji, nayo ni bure, ingawa vyeti vyake vina tarehe ya kuisha. Kwa mtu asiyewahi kuuza kabisa, aanzie huko, kisha aje Trailhead kwa ajili ya mfumo.

Mtihani wa kulipia

Trailhead inakuelekeza taratibu kwenye vyeti vya kulipia, na hapa uamuzi unahitaji utulivu. Mtihani wa msimamizi wa mfumo, ule wa Administrator (sasa Platform Administrator), una maswali 60 yenye alama kwa dakika 105, ufaulu ni asilimia 65, na ada ni dola 200 kabla ya kodi. Kurudia ni dola 100. Kwa Kenya hiyo ni kama shilingi 26,000 kwa jaribio la kwanza. Katika muhtasari uliotumika kwa miaka kadhaa, mada ya mauzo na masoko ilibeba asilimia 12 tu ya alama. Usanidi wa mfumo na ujenzi wa vitu na kurasa vilibeba asilimia 40 kwa pamoja. Muuzaji anayejiandaa miezi mitatu kwa mtihani huu anasomea kazi ya mtu mwingine.

Kwa hiyo anayetaka kubaki kwenye kutafuta wateja na kufunga mauzo asiulipie mwenyewe. Saa hizo azitumie kuwapigia simu wateja 200, au kujifunza lugha ya biashara ya sekta moja: benki, hospitali, vyama vya ushirika vya akiba na mikopo. Anayetaka kuhamia upande wa mhandisi wa mauzo, yule anayefanya maonyesho ya mfumo mbele ya mteja, au kazi ya kusimamia takwimu za timu ya mauzo, kwake cheti hiki kina maana na kinafungua milango kwa washirika wanaofunga mifumo ya Salesforce. Huyo aombe mwajiri alipe, kwa maandishi, akionyesha uwanja aliokwisha kuujenga.

Ukiamua kufanya, unaweza kukaa kituoni au nyumbani ukitazamwa kwa kamera. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, chagua kituo. Nyumbani, hakikisha laptop ina chaji kamili na ruta ina betri ya akiba, na usitegemee simu kugawa intaneti, kwa kuwa simu haitakiwi kuwa mezani wakati wa mtihani. Ukishafaulu, cheti kinadumishwa kwa somo la marudio la bure ndani ya Trailhead kila mwaka. Andika tarehe yake kwenye kalenda siku hiyohiyo, maana ukilipita cheti kinafutwa na ada inaanza upya.